Kitenzi Kilichotoka Jikoni

Sitasema kwamba Mwalimu Zahra alikuwa mpole. Walilisema hilo matangani mwezi uliopita, huko Galbet, mtaa mmoja wa Garissa, tulipokaa wanawake peke yetu uani juu ya mikeka, chai ya hiliki ikipita mkono kwa mkono. Kila aliyeingia alimwombea marehemu rehema, akaketi, akaongeza sifa yake: alikuwa mtulivu, alikuwa na subira, alikuwa mwanamke asiyegombana na mtu. Nilivumilia hadi zamu ikamfikia bibi mmoja ambaye sidhani aliwahi kuonana naye, akarudia hilohilo la kutogombana. Nikaweka kikombe chini. "Aligombana," nikasema. "Aligombana na watu wengi, na safari moja aligombana kwa ajili yangu, ikamgharimu kazi." Maryan, niliyesoma naye sekondari na ambaye tulikuwa hatujaonana miaka mingi, alinifinya paja ili ninyamaze. Sikunyamaza. Maiti anaoshwa mwili, haoshwi tabia, na hasira za Zahra zilikuwa mali yake halali. Ndiyo maana naandika sura hii, nikianzia mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao naudai kuwa wangu kuliko mwingine wowote.

Kazi yangu ni ukalimani wa Kifaransa. Nimezeeka ndani ya vile vibanda vya vioo nyuma ya kumbi za mikutano, maneno ya mawaziri yakiingia kwa masikio na kutokea mdomoni mwangu yakiwa ya lugha nyingine. Na bado natamka p kama b. Kisomali hakina p, wala hakina v. Aliyekunywa Kisomali pamoja na maziwa ya mama husema "baka" akimaanisha paka, na "fyombo" akimaanisha vyombo. Wapo waliowahi kunishauri, kwa adabu kabisa, nitafute mtu wa kuninyoosha ulimi. Niliwauliza kama kuna mjumbe aliyeshindwa kunielewa. Hawakumtaja. Nikarudi kibandani kwangu na ulimi wangu kama ulivyo.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa Garissa mjini, na Kifaransa kilikuwa kwenye ratiba kwa jina tu. Mwalimu aliyetumwa kukifundisha alitoka "Kenya", kama tulivyoita sehemu zote zilizo ng'ambo ya daraja la Tana. Aliona joto, akaona makorongo wale wenye vipara wamesimama juu ya paa la jiko kama wazee wa baraza, akapanda basi kurudi alikotoka kabla hajafungua sanduku. Ndipo mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye moyo mzuri na uti wa mgongo mwembamba, akasikia kwamba kule Galbet yupo mkimbizi aliyefundisha Kiitaliano na Kilatini huko Mogadishu kabla ya vita. Alimwita, akamuuliza kama anajua na Kifaransa. Zahra akajibu, "Namjua Kifaransa kama unafyomjua mtoto ya mjomba wako. Nimekula na yeye." Akapewa chaki, na kwa kuwa madarasa yalijaa, akapewa stoo ya chakula. Tulijifunza Kifaransa katikati ya magunia ya mahindi na maharagwe, vumbi la unga likituanguka kwenye hijabu kila upepo ulipotikisa mabati.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alitembea kama mtu anayechelewa kwenda kumshtaki mwingine. Hakuruhusu tumwite madam. "Madam ni ya duka ya nguo," alisema. Tulimwita Eddo, yaani shangazi, kama tunavyomwita mwanamke yeyote aliyetuzidi umri na anayestahili, na yeye alituita abaayo, dada. Jumamosi alasiri mimi na Maryan, tuliokuwa tunalala nyumbani, tulikwenda chumbani kwake Galbet kwa masomo ya ziada, Kifaransa na Kilatini kidogo. Nakiona chumba kile hata sasa: sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji ipoe, godoro lililokunjwa ukutani, pazia la maua ya zambarau, na jiko la makaa mlangoni ili moshi utoke. Nje, punda wa mikokoteni ya maji walipita, na wanawake wa jirani walizungumza kuanzia adhuhuri hadi magharibi bila kukatizana wala kumaliza. Siku moja tulimsikia mmoja wao akimuuliza mwenzake, "Huyo mwanamke anawafundisha nini wasichana wa watu?" Mwenzake akajibu, "Lugha ya maiti. Wenyewe walikufa zamani, yeye bado anaongea nao." Zahra alicheka hadi akakohoa. Kisha akachungulia dirishani akamwambia, "Walaal, ndugu yangu, waliokufa wanasema salaam, na wanauliza lini utarudisha sufuria yangu."

Ilikuwa katika chumba hicho ndipo nilipokutana na kitenzi chenyewe. Nilikuwa nimefika nikiwa nimevimba macho. Asubuhi ile naibu wa mwalimu mkuu, tuliyemwita Naibu tu, alikuwa amenisimamisha mbele ya darasa niseme "pilipili". Huo ndio uliokuwa mchezo wake. Ukisema "bilibili", darasa lilitakiwa kucheka, na asiyecheka alisimamishwa yeye. Halafu alikuvisha shingoni kipande cha mbao chenye kamba, kilekile walichovishwa waliokamatwa wakiongea Kisomali, utembee nacho hadi umkamate mwingine. Naibu mwenyewe alichanganya r na l. Alituambia "tufungue kulasa". Hakuna aliyemcheka. Aliyeshika kiboko hachekwi.

Zahra hakuniuliza kitu. Alikuwa anapika tambi, baasto kama tunavyoita, na mchuzi wa nyama na nyanya. Alichota mchuzi kwa mwiko, akaupuliza, akanisogezea mdomoni. "Onja. Nini imebungua?"

"Chumfi," nikasema.

"Umejuaje?"

"Nimeonja."

"Haya. Umekwisha sema Kilatini." Akaketi juu ya debe lililofunikwa, mwiko ukiwa bado mkononi, akatueleza. Warumi walikuwa na kitenzi *sapere*. Mwanzoni kilikuwa cha ulimi: chakula kikiwa na ladha, walisema kina-*sapere*; mtu aliyeweza kutofautisha ladha, naye vivyo hivyo. Baadaye aliyejua kutofautisha chumvi na magadi akaonekana anaweza kutofautisha jema na baya, mkweli na mwongo, na kitenzi kikapanda kutoka ulimini hadi kichwani, kikawa na maana ya kuwa na busara. Mpumbavu wakamwita *insipiens*, mtu asiye na hekima, na neno hilo ni ndugu wa lile la chakula kilichopooza. "Kwa baiolojia mnasoma homo sapiens," alisema. "Mwalimu anasema ni mtu mwenye akili. Sawa. Lakini kwanza ni mtu mwenye ulimi."

Maryan, ambaye hakubali jambo mpaka aligeuze upande wa pili, aliuliza kama Warumi hawakuwa na neno jingine la kujua, la watu wenye elimu. Zahra alifurahi hata akampiga Maryan begani na mwiko, mchuzi ukamrukia. Walikuwa nalo, alisema. *Scire*. Kitenzi cha wasomi, cha mahakama na vitabu, kilichozaa jina la sayansi. Lakini Kilatini kilipotoka Roma hakikubebwa na wasomi. Kilibebwa na askari, wachungaji, wachuuzi, wapishi, watu ambao si lugha ya mama zao, waliojifunza sokoni na kambini. Nao walipotaka kusema "najua", karibu kote waliacha kile cha vitabu wakachukua cha jikoni. "Cha wasomi kimezikwa. Cha mbishi kinaishi." Alimaanisha mpishi, lakini sisi tulisikia mbishi, na sikuona sababu ya kumsahihisha. Nadhani maneno yote mawili yalikuwa kweli.

Ndipo akanigeukia. "Sasa wewe na bilibili yako." Sijui nani alimwambia, Garissa ni mji mkubwa kwa ardhi tu. Akachukua kipande cha makaa yaliyozimika, akaandika sakafuni. Waitaliano wamebaki na *sapere*, wakaitunza p. Wafaransa wakaigeuza v, wakasema *savoir*. Wahispania wakaigeuza b, wakasema *saber*. Mbuzi wa Kirumi aliitwa *capra*. Alipofika Hispania akawa *cabra*. Mbwa mwitu alikuwa *lupus*, akawa *lobo*. "Nchi nzima, p yao ikawa b. Wakaandika fitabu kwa b hiyo. Wakatawala bahari kwa b hiyo. Nani amewafisha mbao shingoni?" Kisha akainuka, akatupakulia baasto, akakata ndizi juu yake kama tulavyo kwetu, na akasema neno lenyewe ni pasta, limetoka kwa Waitaliano, na kwamba tangu lilipofika midomoni mwa Wasomali halijawahi kupungua ladha hata kidogo. Tulikula kwa mikono. Sijala chakula kama kile tena, na nimekula katika hoteli ambazo mhudumu hukutandazia kitambaa mapajani.

Muhula wa pili yakatangazwa mashindano ya lugha ya shule za mkoa. Kila shule itoe msichana mmoja au mvulana mmoja wa kuhutubia kwa Kifaransa, mwamuzi akitoka Nairobi. Zahra alinichagua mimi. Naibu akalifuta jina langu na kuandika la binti wa ofisa mmoja, msichana mwema, asiye na hatia yoyote, ambaye p yake ilikuwa safi lakini sentensi zake zilivunjika katikati kama biskuti. Tulikuwa ndani ya stoo Naibu alipokuja kutoa habari. "Huyu atatuaibisha," alisema akinielekeza kidole. "Watasema Garissa ni ya wajinga."

"Watasema nini, mimi sijui," Zahra akamjibu. "Mimi najua nani amesoma."

"Mama, usisahau wewe ni mkimbizi hapa."

"Sisahau. Wewe unanikumbusha kila Jumatatu." Akamsogelea hadi Naibu akaegemea gunia. "Aende huyu, au isiende mtu. Na kama haendi mtu, nitamwambia mwamuzi kwa nini."

Nikaenda. Ukumbi ulikuwa wa shule ya wavulana, feni zikizunguka bila faida, wazazi na walimu mbele, wanafunzi wamejazana nyuma hadi madirishani. Hotuba yangu ilikuwa juu ya ukame, na tuliitengeneza pamoja, mimi na Zahra, neno kwa neno. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: *Mon pays est sec, mais la pluie sait où nous trouver.* Nchi yangu ni kavu, lakini mvua inajua pa kutupata. Kitenzi chetu kilikuwa katikati yake, kimevaa Kifaransa. Nilisema "mon bays", kicheko kikaanzia madirishani. Nilisema "la bluie", kikafika viti vya mbele. Mwamuzi aliinama akifuta miwani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Naibu hakucheka. Alikuwa anamtazama mwalimu mkuu, akitikisa kichwa, kama mtu aliyetabiri mafuriko.

Ningeweza kuendelea. Ningeweza pia kukaa chini. Nilichofanya sikuwa nimekipanga, na nasema hivi kwa sababu baadaye ilidaiwa kwamba Zahra ndiye aliyenituma. Niliacha Kifaransa, nikasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwetu, b zote zikiwa mahali pake: "Mnacheka b yangu. Warumi walisema *sapere*. Wahisbania wakasema *saber*, na Wafaransa, ambao lugha yao ndiyo imetuleta ukumbini, wao hata b hawakuibata, wakasema *savoir*. Kila mtu alikibokea kitenzi kwa mdomo aliokuwa nao. Mimi pia ninao wangu. Kama kuna asiyeelewa nilichosema kuhusu mfua, anyooshe mkono, nitarudia." Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikarudi kwenye Kifaransa, nikaanza sentensi upya kutoka "mon bays", nikaimaliza hotuba yote bila kuharakisha.

Mwamuzi alipotoa maoni alisema yaliyomo yalikuwa mazuri, ila, "Binti, haya ni mashindano ya Kifaransa, si ya Kihispania." Watu wakacheka tena. Tukawa wa mwisho. Msimulizi mwingine pengine angependa hapa mwamuzi asimame apige makofi, lakini hakusimama. Nilikwenda kukaa karibu na Zahra, naye, bila kunitazama, akanipa nusu ya chungwa lake. "Sauti ilikuwa chini kidogo mwanzo," alisema. "Baadaye sawa."

Jumatatu yake aliitwa ofisini. Mimi na Maryan tulisimama chini ya dirisha tukijifanya tunafagia. Tulimsikia Naibu akisema huyu mama hana vyeti vinavyotambuliwa, hana kibali, na sasa anafundisha wasichana kujibizana na wageni wa shule. Tulimsikia mwalimu mkuu akisema anafundisha vizuri, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango. Mwishowe wakakubaliana: Zahra abaki, endapo mimi nitaomba msamaha gwarideni mbele ya shule nzima, na yeye asimame kando yangu. Mlango ukafunguliwa, nikaitwa. Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla sijavuka kizingiti. Ningeomba msamaha. Ningeuomba kwa magoti kama wangetaka, mradi stoo ile isifungwe. Nikasema, "Niko tayari."

Zahra akanigeukia. "Kwa kosa gani?" akauliza.

"Eddo, si kitu. Nitasema tu."

"Habana. Msamaha iko na kosa. Taja kosa."

Nilitafuta. Sikuwa nimemtukana mtu. Sikuwa nimesema uongo; hotuba nilikuwa nimeimaliza. Nilipogeuza kila upande, kitu pekee nilichokipata ni kwamba nilikuwa nimetamka herufi kama mama yangu alivyoitamka. Nikatikisa kichwa. "Umeona," alisema. "Usiombe msamaha kwa sababu ya mdomo yako. Kazi nitabata. Mdomo utabata wabi?" Mwalimu mkuu akasema mikono yake imefungwa. Zahra akamwambia, bila ubaya, "Wewe ndiyo umeshika kamba, dada," akaiweka chaki mezani, akatoka. Bila barua ya shule hakuweza kuishi mjini. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amerudi kambini Dagahaley, kule alikoandikishwa alipovuka mpaka.

Nilimkasirikia. Nataka lijulikane, kwa sababu watu hudhani mtu akikutetea unabaki na shukrani tu. Nilimkasirikia kwa wiki nyingi. Ningeweza kusema maneno machache ya uongo gwarideni, tukabaki na mwalimu. Badala yake tulibaki na fahari na stoo yenye kufuli. Maryan alisema hivyo waziwazi, na matangani mwezi uliopita alilisema tena, akinong'ona, kwamba mpaka leo haoni tofauti kati ya msimamo na ukaidi. Mimi naiona. Nimefanya kazi na watu walioomba msamaha mdogo mmoja wakiwa vijana, kwa jina lao, kwa nywele zao, kwa matamshi yao. Nimewaona wakiomba wa pili na wa tatu, hadi wamekuwa watu wa kuomba msamaha kabla hawajasalimia. Zahra alinikatia njia hiyo mlangoni pake. Mwaka uliofuata nilifanya mtihani wa Kifaransa nikiwa nimejisomea, nikaupita, nikaenda chuo, na mbele ya kila meza ya usaili nimesema "bonjour, je m'abbelle Nimo" nikimtazama mtu machoni. Baadhi ya meza zilinikataa. Sikuwahi kurudi kuzibembeleza.

Lakini mwaka ule haukuishia ofisini. Likizo ya mwisho wa mwaka abti yangu, mjomba anayezaliwa na bibi yangu mzaa mama, alikuwa anapeleka bidhaa za maduka Dagahaley kwa lori, nikamsihi anichukue. Nilijitayarisha njia nzima. Ningemwambia Zahra kwamba bado nina hasira, halafu ningemwomba radhi kwa hasira hiyo, halafu, nilijua, ningelia. Njia ilikuwa mchanga na vichaka vya mathenge, mathenge na mchanga, hadi ikatokea kambi, mistari ya mahema na vibanda vya miba iliyofumwa, na wanawake wakirudi na mgao wao wa unga kichwani. Nilimuuliza mwenye duka la kwanza kama anamjua mwalimu kutoka Mogadishu, mwanamke mrefu. "Yule mkali?" akasema, akanielekeza.

Nilimkuta chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo za miti. Wasichana walikuwa wameketi chini mchangani, wakubwa kwa wadogo, baadhi wamebeba wadogo zao migongoni. Kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi kiliegemezwa kwenye kiti. Alikuwa amekonda zaidi, na gauni lake la dirac lilikuwa limefifia kwa jua, lakini alikuwa anamkaripia mtu kwa nguvu ileile. Aliponiona nimesimama ukingoni mwa kivuli, machozi yakiwa yamekwisha anza, hakunikumbatia.

"Umekuja kulia au umekuja kufanya kazi?" aliniuliza.

Akanitia chaki mkononi, akapita katikati ya wasichana wale akiwapanguapangua waache nafasi, akaenda kuketi nyuma kabisa, mchangani, pamoja nao. Wote wakageuka kunitazama. Nikaanza kuandika ubaoni, na nilipofungua mdomo kusoma nilichoandika, nilimsikia akiita kutoka kule nyuma, kwa ukali wa mtu aliyelipia kiti chake:

"Nimo! Bandisha sauti. Huku hatusikii kitu."

Nikapandisha.